Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi: Utani, Kejeli na Pole katika Maoni ya Mitandaoni Wakati wa Korona

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kujadili swali moja la kimaadili lililojitokeza kwa uzito nchini Kenya tangu kisa cha kwanza cha ugonjwa wa korona kilipotangazwa tarehe 13 Machi 2020. Swali lenyewe ni hili: je, mtu anayetoa maoni katika mitandao ya kijamii kuhusu maradhi au kifo cha mwenzake anawajibika kwa neno lake kwa kiwango kile kile ambacho angewajibika kama angelitamka mbele ya kitanda cha mgonjwa au kando ya kaburi?

Swali hili limezoea kupewa majibu mawili ya haraka. Jibu la kwanza hushikilia kwamba neno ni neno popote liliposemwa, na kwamba aliyemcheka mgonjwa mtandaoni ametenda kosa lile lile la aliyemcheka uso kwa uso. Jibu la pili hudai kwamba mtandao ni uwanja wa michezo, kwamba kila anayeingia humo anajua kuwa atachekwa, na kwamba Mkenya hucheka palipo na msiba kwa sababu asipocheka atalia. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli. Hata hivyo, yote mawili yanaliangalia neno lenyewe peke yake na kusahau uhusiano uliopo baina ya anayelisema na anayelipokea. Ni uhusiano huo ambao makala haya yatauchunguza, kwa kuongozwa na dhana tatu ambazo jamii zetu zimekuwa nazo kwa muda mrefu, nazo ni utani, kejeli na pole.

Kabla ya kuendelea, tutoe angalizo moja la kimbinu. Hatutanukuu hapa maoni ya mtu yeyote neno kwa neno. Waliotoa maoni hayo hawakuwa wakiwaandikia wahakiki, na wengi wao waliandika wakiwa na hofu. Ingekuwa ajabu kwa makala yanayohoji haki ya kulitumia neno la mgonjwa bila ridhaa yake kuyatumia maneno ya wengine kwa njia iyo hiyo. Kwa hivyo tutazungumzia aina za kauli, jinsi mhakiki wa fasihi simulizi anavyozungumzia tanzu, na msomaji aliyeishi nchini katika miaka hiyo atazitambua.

Utani na masharti yake

Wanaotetea mzaha wa mitandaoni hupenda kusema kwamba utani ni sehemu ya utamaduni wa Mwafrika. Hoja hii ni ya kweli, lakini wanaoitoa kwa kawaida huitoa nusu. Utani ni mojawapo ya taasisi zilizofanyiwa uchunguzi mwingi katika Afrika Mashariki. Moreau aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika katika miaka ya 1940, na Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka wa 1940, aliueleza uhusiano wa aina hii kuwa ni ule ambamo mtu anaruhusiwa, na wakati mwingine anatakiwa, kumfanyia mwenzake dhihaka, naye mwenzake akatakiwa asikasirike. Pwani ya Kenya na Tanzania tunaujua utani wa babu na mjukuu, wa shemeji na shemeji, na wa ukoo na ukoo au kabila na kabila.

Mahali ambapo utani huonekana kwa ukali wake wote ni matangani. Mtani huweza kufika na kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa. Huweza kulala pale kaburi linapochimbwa akakataa kuondoka mpaka apewe kitu. Huweza kuwauliza wafiwa wanalia nini, ilhali wao ndio waliokuwa wakimnyima marehemu chakula. Mgeni asiyezijua mila hizi angedhani kwamba mtu huyu amerukwa na akili. Lakini mtani huyo huyo, katika jamii nyingi zenye utani wa aina hii, ndiye anayetazamiwa kushika jembe, kuteka maji, kusaidia kumwandaa maiti na kuwapikia wafiwa wasioweza kupika. Anacheka huku mikono yake ina udongo.

Kutokana na haya tunaweza kuyabainisha masharti matatu ya utani. Kwanza, watani wanajuana, au angalau wanajua ni uhusiano gani unaowaunganisha. Pili, utani hurudishwa; anayetania leo atataniwa kesho, na hana ruhusa ya kununa. Tatu, ruhusa ya kucheka hununuliwa kwa wajibu wa kusaidia. Mtani asiyefika matangani hana haki ya mzaha wa matangani. Mwanafalsafa Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka wa 1962, alionyesha kwamba yapo maneno ambayo ni matendo, na kwamba matendo hayo hufaulu tu pale ambapo masharti fulani yametimizwa. Asiye kadhi hawezi kufungisha ndoa kwa kutamka maneno ya kadhi. Vivyo hivyo, tunadai kwamba asiye mtani hatanii kwa kuyatamka maneno ya mtani. Kile anachokifanya ni tendo jingine, hata kama maneno ni yale yale.

Sasa tuyapime maoni ya mitandaoni kwa masharti haya. Mnamo Aprili 2020 ilienea mitandaoni video ya maziko ya usiku yaliyofanyika magharibi mwa Kenya, ambamo watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga walimzika maiti kwa haraka. Wengi walighadhabika, na ghadhabu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini kando ya ghadhabu ilizuka mizaha chungu nzima. Mavazi yale meupe yakageuzwa kuwa ya wanaanga na ya wafuga nyuki. Aliyecheka hakumjua marehemu. Marehemu hangeweza kumrudishia utani, wala jamaa zake. Tena aliyecheka hakuwa na jembe mkononi. Masharti yote matatu yalikuwa yamekosekana, ila kicheko kilibaki.

Mwandishi wa makala haya hana usafi wa kumwezesha kuwahukumu wengine. Mwezi wa Mei mwaka huo alipokea mojawapo ya mizaha hiyo akaisambaza katika kikundi cha WhatsApp cha wenzake wa kazini. Wengi walijibu kwa alama za kicheko. Mmoja alinyamaza. Siku mbili baadaye mwandishi alipata habari kwamba mwenzake huyo alikuwa amefiwa na kaka yake Kilifi wiki ile ile, na kwamba kaka huyo alizikwa na watu wa mavazi meupe. Yeye mwenyewe hakuweza kwenda kuzika kwa kuwa barabara za kuingia na kutoka Nairobi na Kilifi zilikuwa zimefungwa tangu mwezi wa Aprili. Kumbe mzaha ule ulimfikia akiwa peke yake chumbani, ukiwa ndio picha ya pekee ya maziko aliyoipata. Mwandishi alikwenda nyumbani kwake, akasimama langoni akiwa na barakoa, akampa pole. Mwenzake alimshukuru kwa kuja. Hakuutaja mzaha ule, na mwandishi naye hakuutaja. Mpaka leo haujatajwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeusambaza mzaha aliubeba kwa kidole kimoja, kwenye kioo cha simu.

Mshukiwa, mgonjwa na lugha ya hatia

Ikiwa mzaha huu si utani, basi ni nini? Ili kulijibu swali hili inatubidi tuitazame lugha iliyotumiwa kumtaja mgonjwa hata pale ambapo hakuna aliyecheka. Lugha ya matangazo na ya maoni katika kipindi hicho ilikuwa na msamiati wake. Aliyedhaniwa kuwa na ugonjwa aliitwa mshukiwa. Aliyethibitishwa kuwa nao alisemekana amepatikana nao. Waliokutana naye walikuwa wakisakwa. Kila neno kati ya haya limetoka mahakamani na kwenye kituo cha polisi. Mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kuwa mwizi. Kupatikana na kitu ni kukutwa nacho kinyume cha sheria, au kupatikana na hatia. Kusakwa ni jambo linalompata mhalifu aliyetoroka.

Yamkini aliyeyateua maneno haya hakukusudia ubaya. Alikuwa akitafuta visawe vya istilahi za kitabibu kwa haraka, na lugha ilimpa kile ilichokuwa nacho karibu. Lakini neno huja na jamaa zake. Susan Sontag alionyesha mwaka wa 1978, akizungumzia kifua kikuu na saratani, na tena mwaka wa 1989 akizungumzia ukimwi, kwamba sitiari tunazouvisha ugonjwa humwangukia mgonjwa. Ugonjwa ukiitwa adui, mwili wa mgonjwa huwa kambi ya adui. Kwa upande wetu, ugonjwa ulipotajwa kwa lugha ya jinai, mgonjwa aliingia kizimbani kabla ya kufika hospitalini. Matendo yaliyofuata yaliithibitisha lugha hiyo. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na baadhi ya waliokamatwa kwa kuivunja walipelekwa karantini. Mahali palipokusudiwa kuwa pa tiba pakawa pia pa adhabu. Je, tunaweza kushangaa kwamba watu walikimbia kupimwa?

Maoni ya mitandaoni yaliichukua lugha hii yakaiendeleza. Swali lililoulizwa mara nyingi chini ya taarifa ya mgonjwa mpya halikuwa la hali yake. Lilikuwa la mahali alikotoka, alikopita, na ni nani aliyemruhusu kupita. Mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa tarehe 6 Mei 2020, wapo waliowazungumzia wakazi wa sehemu hizo kwa kiwakilishi kimoja tu: wao. Wao hawasikii, wao ndio waliotuletea. Mhakiki wa matini anajua kwamba viwakilishi ni sehemu ndogo ya sarufi yenye kazi kubwa ya kisiasa. Neno "wao" lilijenga ukuta kati ya msemaji na ugonjwa, kana kwamba virusi husoma ramani ya mitaa.

Katika muktadha huu ndipo tunapopaswa kuliangalia jambo lililotokea mapema Aprili 2020. Wagonjwa wawili wa kwanza kupona walitambulishwa kwa umma kwa matumaini kwamba wananchi wangeona ugonjwa unaweza kutibika. Hatutawataja majina, kwa kuwa majina yao yalikwisha kutajwa kupita kiasi. Methali yetu husema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa hawakuficha. Walifanya kile ambacho methali inaagiza na ambacho taifa liliomba. Malipo waliyopata kwa wengi wa waliotoa maoni yalikuwa shaka kwamba waliigiza, udadisi wa maisha yao ya siri, na mizaha isiyoandikika hapa. Hawa hawakutaniwa. Walishtakiwa, wakahukumiwa na kuadhibiwa, na kicheko kilikuwa ndiyo adhabu yenyewe.

Hasara ya jambo hili haikuishia kwao. Kila aliyeyasoma maoni hayo akiwa na kikohozi kifuani alijifunza kwamba ni heri kunyamaza. Hapo ndipo neno linapopata uzito wa kimaadili usiotegemea nia ya msemaji. Aliyeandika mzaha alidhani anamwandikia mtu mmoja, au hamwandikii yeyote. Kumbe alikuwa akiwaandikia wagonjwa wa kesho, akiwafundisha kuficha.

Kejeli dhidi ya walio juu

Tusije tukaeleweka kwamba tunapiga marufuku kicheko. Mwezi wa Agosti 2020 runinga ya NTV ilipeperusha makala ya uchunguzi kuhusu ununuzi wa vifaa vya kupambana na korona, na Mamlaka ya Usambazaji wa Vifaa vya Kimatibabu, KEMSA, ikajikuta ikichunguzwa. Msemo wa mamilionea wa Kovidi ukaingia katika mazungumzo ya kila siku. Maoni yaliyoandikwa katika wiki hizo ni miongoni mwa kejeli kali zilizowahi kuandikwa na raia wa kawaida nchini. Kaulimbiu ya serikali, Komesha Corona, iligeuzwageuzwa mpaka ikawasuta waliokuwa wakiitangaza, huku wauguzi wakilalamika kwamba hawana vifaa vya kujikinga.

Je, kejeli hii inatofautianaje na mzaha dhidi ya mgonjwa? Yote ni maneno makali, yote yaliandikwa na watu wasiomjua waliyemlenga, na yote hayakuwa na jembe mkononi. Kwa kipimo cha utani, zote mbili zimeshindwa. Tofauti ni kwamba kejeli ina masharti yake, na masharti hayo si yale ya utani. Kejeli haihitaji ujuani. Inahitaji kwamba anayekejeliwa awe na uwezo wa kujibu na awe na jambo la kujibu. Mwenye ofisi ana msemaji, ana wakili, ana vyombo vya habari. Mgonjwa aliyelazwa ana simu yake tu, na huenda hana pumzi ya kuishika. Aidha, kejeli hulenga tendo lililochaguliwa, na mtu huchagua kuiba, lakini hachagui kuugua.

Bakhtin, katika kitabu chake juu ya Rabelais kilichotoka kwa Kirusi mwaka wa 1965, alisisitiza kwamba kicheko cha sherehe za umma katika zama za kati kilimhusisha pia yule anayecheka. Hakuna aliyesimama nje yake akiwatazama wengine. Hapa kejeli ya raia wa 2020 ilikuwa na sifa ya kicheko hicho. Aliyewacheka mamilionea wa Kovidi alijicheka pia, kwa kuwa ni kodi yake iliyokwenda, na yeye ndiye ambaye angekosa kitanda siku atakapougua. Mzaha dhidi ya mgonjwa ulifanya kinyume. Ulimsimamisha anayecheka mahali ambapo ugonjwa haumfikii. Kwa sababu hiyo tunaweza kusema kwamba ulikuwa na uwongo ndani yake hata pale ambapo kila neno lililosemwa lilikuwa kweli.

Sheria haiwezi kutufanyia kazi ya kupambanua mambo haya. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao, iliyopitishwa mwaka wa 2018, iliadhibu uchapishaji wa habari za uwongo, na wapo waliokamatwa mwaka wa 2020 kwa madai ya kueneza habari za uwongo juu ya korona. Lakini sheria ikipewa kazi ya kuulinda utu wa mgonjwa, ni rahisi mno ielekezwe kwa anayemkejeli mwenye mamlaka. Upambanuzi tunaouzungumzia ni wa kimaadili, na mahali pake ni katika akili ya anayeandika kabla hajatuma.

Pole

Wapo wanaokerwa na maoni ya aina ya tatu, yale ya fomula. Chini ya kila tangazo la kifo huandikwa mamia ya pole na makiwa, na dua kwamba Mwenyezi Mungu amlaze marehemu mahali pema peponi. Msomi aliyezoea kuupima ubunifu wa matini huona hapa ukavu wa lugha na ukosefu wa fikra. Tunapendekeza kwamba aliangalie tena.

Pole ni neno la ajabu kidogo. Tunalisema kwa aliyejikwaa, kwa aliyefiwa, kwa aliyechoka kazini na kwa mgonjwa. Halikiri kosa, kwani anayesema pole si lazima awe ndiye aliyemkosea mwenzake. Haliulizi chanzo, kwani hatumpi pole aliyejikwaa baada ya kuhakikisha kwamba alikuwa akiangalia njia. Halidai kuyajua maumivu ya mwingine kutoka ndani. Linasema tu kwamba msemaji ameyaona. Jibu lake, ahsante au nimeshapoa, linayafunga mazungumzo bila kumtaka mgonjwa ajieleze. Katika kipindi ambapo lugha nyingine yote ilimtaka mgonjwa ajieleze, atoe ramani ya safari zake na orodha ya aliokutana nao, pole ilikuwa ndiyo kauli ya pekee isiyomhoji.

Fomula ina faida nyingine. Aliyefiwa hahitaji ubunifu wetu. Anahitaji kujua kwamba watu wamefika, na fomula ni njia ya kufika. Katika matanga ya kawaida mamia huja, hukaa mkekani, husema maneno yale yale na kuondoka. Hakuna anayewalaumu kwa kukosa maneno mapya. Idadi ya waombolezaji ilipowekewa ukomo na barabara zikafungwa, mikeka ile ilikunjwa. Orodha ndefu ya pole chini ya picha ya marehemu ikawa mkeka uliobaki. Hivi si kusema kwamba kila aliyeandika pole aliisikia moyoni. Mkekani pia si kila anayeketi analia. Lakini mwenzangu wa Kilifi, niliyemtaja hapo awali, aliwahi kuniambia baadaye kwamba usiku wa maziko ya kaka yake alikesha akizisoma pole alizoandikiwa, moja baada ya nyingine, na kuyajibu majina yote. Alizihesabu. Zilikuwa zaidi ya mia mbili, na karibu zote zilikuwa na maneno yale yale.

Pingamizi

Ipo pingamizi moja kubwa dhidi ya hoja yetu ambayo tusingependa kuiruka. Inaweza kudaiwa kwamba tumeipamba jamii ya zamani na kuulaumu mtandao kwa maovu yaliyokuwapo kabla yake. Ukimwi ulipoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1980 hakukuwa na mitandao ya kijamii. Hata hivyo, ulimi hauna mfupa, na watu walipata majina na mizaha ya kutosha. Kagera uliitwa Juliana. Baadaye vijana wa Tanzania walisema kwamba fulani amekanyaga miwaya, au ana ngoma. Wagonjwa walitengwa na ndugu zao wa damu, waliojuana nao tangu utotoni, na vyombo vyao vya kulia vikawekwa kando. Ujuani haukuwaokoa.

Tunaikubali pingamizi hii katika sehemu yake ya kwanza. Ujuani peke yake hautoshi, na ndiyo maana tulitaja masharti matatu wala si moja. Ndugu aliyemtenga mgonjwa wa ukimwi alimjua lakini alikataa kuubeba mzigo wake, na kwa kukataa huko alipoteza haki ya mtani. Katika sehemu yake ya pili, pingamizi hii inatusaidia kuliona jambo ambalo tungelikosa. Ikiwa uso kwa uso hakuhakikishi wema, basi umbali nao haulazimishi ubaya. Maoni yale yale ya mitandaoni yaliyombeza mgonjwa yalikuwa pia mahali pa kuchangisha. Chini ya habari ya familia iliyozuiliwa maiti kwa sababu ya deni la hospitali, watu wasiojuana waliandika nambari ya M-Pesa, wakatuma mia, wakatuma mia mbili, wakaandika kwamba wametuma. Baadhi yao walianza kwa mzaha na kuishia kwa mchango. Hawa, kwa kipimo chetu, wamestahili kuitwa watani kuliko wengi wanaolitumia neno hilo. Walicheka, kisha wakashika jembe kwa njia iliyowezekana.

Hivyo basi mtandao haukuliua sharti la tatu la utani. Uliliacha mikononi mwa kila mtu. Katika matanga ya kijijini, mtani asiyefanya kazi huonekana na kusutwa. Mtandaoni hakuna anayemwona. Wajibu ambao zamani ulisimamiwa na macho ya watu sasa husimamiwa na dhamiri ya mtu peke yake, akiwa na simu yake, saa nne za usiku.

Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza iwapo neno la mtandaoni lina uwajibikaji ule ule wa neno la uso kwa uso. Jibu letu ni kwamba uwajibikaji hautokani na mahali neno linaposemwa. Unatokana na kile ambacho msemaji yuko tayari kukifanya baada ya kulisema. Anayemcheka mgonjwa na yuko tayari kumtekea maji ni mtani. Anayemcheka mwenye mamlaka kwa tendo alilolichagua anakejeli, na jamii inamhitaji. Anayemcheka mgonjwa kisha akaendelea na shughuli zake hana utanzu wa kujisitiri ndani yake, hata akiuita utani.

Wanafunzi wetu wa uzamili wameanza kuleta mapendekezo ya utafiti juu ya lugha ya mitandaoni, na ni jambo la kutia moyo. Tunawaomba wasiishie katika kuorodhesha mchanganyiko wa msimbo, ufupishaji wa maneno na maumbo mapya ya Sheng. Waulize pia ni nani aliyekuwa akisemwa, kama aliweza kujibu, na ni nani aliyekwenda kumwona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si dharura ya kimataifa tena. Maoni yaliyoandikwa katika miaka ile mitatu, hata hivyo, mengi yamo bado, na jamaa za waliosemwa huweza kuyasoma wakati wowote wapendao na hata wasipopenda. Ugonjwa mwingine utakuja. Methali ya mzaha mzaha hutumbuka usaha haikutungwa kwa ajili ya intaneti, lakini itakuwa na kazi.